Nyusi za Mshambuliaji

Komeo alikuwa kipa wa timu ya wanawake, na jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu mpira ukifika kwake, safari yake imeishia hapo. Nyumbani alikuwa mpole kupita kiasi, mtu wa kumtungia shangazi yake uzi kwenye sindano ya cherehani. Akiingia uwanjani alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima, na mabeki wake walimwogopa yeye kuliko walivyowaogopa wapinzani.

Lakini ungefungua ukurasa wa klabu mtandaoni, usingeyajua hayo hata chembe. Ungemkuta Komeo anafunga nywele. Komeo anacheka. Komeo kavaa gauni kwenye hafla ya mdhamini, na chini yake maneno: “Warembo wetu hao! Nani kasema soka linaharibu sura?” Siku alipodaka penalti ya mwisho wa mchezo, ile iliyowanusuru wasishuke daraja, ukurasa uliweka picha ya kucha zake akiwa amevua glavu. Watu wakauliza rangi ile inauzwa duka gani. Kuhusu penalti hakuna aliyeuliza, maana hakuna aliyeambiwa.

Mwandishi wa maneno hayo alikuwa afisa habari wa klabu, kijana mtanashati waliyemwita Bwana Picha. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Komeo zaidi, kwani mtu mbaya angalau unamnunia na roho inatulia. “Watu wanapenda, dada yangu,” alikuwa akisema huku akitabasamu.

Sasa mwalimu wa makipa wa timu ya taifa alikuwa anatafuta kipa. Alikuwa mbali, viwanja vyote asingevimaliza, kwa hiyo aliziarifu klabu kwamba atapitia kurasa zao na kuita atakaowaona wanafaa. Video ya penalti ilikuwa imelala kwenye simu ya klabu, mikononi mwa Bwana Picha. Komeo aliomba iwekwe kwa adabu, akaomba kwa kubembeleza, akaomba kwa kununa. Kila mara aliambiwa kesho.

Jumamosi moja timu ya wanaume ilikuwa na mechi, na dada yake Bwana Picha alikuwa anaolewa.

“Nishikie simu ya klabu, mama,” alimwambia Komeo, tai ikiwa bado inaning'inia shingoni. “Tupia picha za mechi. Andika kama ninavyoandika mimi.”

“Kama unavyoandika wewe?”

“Vilevile. Usiniongezee mambo yako.”

Angeweza kuitupia ile video palepale. Lakini wangesema anajipigia debe, na yeye alitaka Bwana Picha aiweke kwa mkono wake mwenyewe. Basi akaketi jukwaani na wenzake, akatii alivyoagizwa, bila kupunguza neno.

Mshambuliaji akafunga mabao mawili. Komeo akaweka picha yake akijifuta jasho: “Jamani, nyusi hizo! Baba wa watoto wawili na bado anang'aa. Siri ni nini, kaka?” Beki akatoka na mdomo uliopasuka, akaandikiwa: “Tabasamu basi, ukinuna unaharibu sura.” Kocha akaulizwa watoto anamwachia nani akija mazoezini. Mashabiki wakapiga kelele wakitaka matokeo. Komeo akawajibu kwa picha ya kipa wa wanaume akichana nywele, huku wenzake wakicheka mpaka wakashikana mabega.

Jumatatu mshambuliaji aliingia ofisini kwa Bwana Picha akifoka.

“Mabao mawili! Mama yangu kanipigia simu kuniuliza nyusi nimenyolea wapi!”

“Komeo, umenimaliza,” Bwana Picha akamlalamikia Komeo, aliyekuwa amekuja kurudisha simu ya klabu.

Komeo alifungua ukurasa, akarudi nyuma kwenye mechi za wanawake, akampa mshambuliaji simu asome. Akasoma warembo, akasoma kucha, akasoma “shemeji ana bahati”. Hasira ikamtoka, aibu ikamwingia.

“Hivi ndivyo unavyowaandika kila wiki?”

“Kwao inapendeza, kaka.”

“Mimi haikunipendeza. Weka video ya huyu dada, nikiwa nimesimama hapa.”

Bwana Picha akaiweka huku amekabwa kama kona inataka kupigwa. Akaandika kwamba Komeo kadaka penalti na timu imebaki ligi kuu. Kidole kikamwasha kuongeza kikopa chekundu cha mapenzi, mshambuliaji akamnyang'anya simu.

Siku chache baadaye simu ya Komeo iliita akiwa ameinama kwenye cherehani. Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu, isiyo na haraka.

“Wewe ndiye kipa wa ile penalti?”

“Ndiye mimi. Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Mguu wako wa kushoto unatangulia kabla mpira haujapigwa. Mpigaji mwenye akili angekuadhibu. Mikono unaifungua umechelewa, na mabeki wako umewapanga ovyo. Lakini macho unayo. Njoo kambini nikunyooshe huo mguu.”

Komeo alishindwa hata kuaga vizuri. Machozi yalimtoka yakalowesha kitambaa cha mteja. Shangazi akaacha mkasi.

“Mwanangu, kuna msiba?”

“Hakuna, shangazi,” akasema, akicheka na kulia kwa pamoja. “Kuna mtu ameniambia nadaka vibaya.”