Dereva Aliyechemka Kichwa

Juzi mpakani Malaba, kwenye kibanda cha chai kando ya foleni ya malori, dereva mmoja alikaa akitafuna miraa ya kufukuza usingizi, mguu wake ukikanyaga klachi mchangani. Klachi yenyewe haikuwepo. Mkewe, aliyemletea mihogo kutoka Bumala, akamgusa bega.

Jamaa akaruka, akidhani ni afisa wa forodha. "Mzigo ni chumvi, bosi! Sili ya kontena haijaguswa!"

"Baba watoto, ni mimi. Njoo nyumbani ulale."

Foleni ikasogea, jamaa akakimbilia lori lake.

"Amelogwa huyo," mwenye chai akasema. "Mama, tafuta mganga."

Uchawi gani? Lori likichemka, madereva hawa hulisimamisha, wakalimwagia maji, wakangoja lipoe. Mwenzao alipochemka kichwa, walimwongezea miraa. Mkewe alirudi Bumala na mihogo yake, haijaguswa.