Nilihama software ndiyo nikajua "sound yangu" ilikuwa ya nani

Wakuu, niaje.

Humu mimi ni msomaji zaidi. Shule sikufika mbali, na mambo yangu huwa najiandikia tu kwa simu jioni, hakuna mtu anasoma. Lakini hii imekataa kutoka kwa roho, nikaona niilete. Nitaieleza vile ilienda, pamoja na zile sehemu zinanifanya nionekane mjinga. Ziko kadhaa.

Kitu kimoja kwanza. Hizi software mbili sitazitaja majina.

Najua vile humu mkianza kubishana software gani ni noma, uzi unaisha na matusi na mods wanafunga. Ile nilianza nayo nitaiita ya zamani, na hii natumia sasa nitaiita mpya. Zote ni nzuri. Nimesema mapema ili nisishikwe shati.

Sasa.

Nimetengeneza muziki Laini Saba, Kibera, kwa miaka. Studio ilikuwa chumba changu cha kulala. Laptop ya mtumba, mic moja, na godoro nilikuwa nikilisimamisha ukutani wakati wa kurekodi, nikilaza wakati wa kulala.

Software nilipewa na rafiki kwa flash, msiniulize zaidi. Akanionyesha pa kubonyeza, akaenda zake. Mengine nilijifunza kwa kukosea.

Kwa wale hawajui, hiyo ya zamani inafanya kazi hivi: una vijumba vidogo vimepangwa kwa mstari. Unajaza mdundo mzito wa kick hapa, ule mkali wa snare pale, unapata kipande kifupi kinajirudia. Ukikipenda unakipanga na vingine mpaka wimbo unaisha. Nilikuwa nikijenga wimbo kama fundi wa mjengo, jiwe juu ya jiwe.

Na watu walipenda. Sijisifu, naripoti tu. Kuna kina mama wa kanisa moja hapo Laini Saba niliwatengenezea wimbo, ukatembea. Harusi, matanga, kinyozi, kila mahali. Watu wakaanza kusema, "Hiyo ni sound ya Odush."

Odush ni mimi.

Hayo maneno yalinilewesha kidogo. Nilikuwa nikitembea nayo mtaani kama mtu amevaa kiatu kipya anangoja uangalie chini.

Kisha jirani akafungua posho mill.

Mlango wa pili! Sina ubaya naye, watu lazima wale ugali, na mimi mwenyewe nilisagia hapo. Lakini huwezi kurekodi mtu anaimba polepole habari za mbinguni huku nyuma ya ukuta kuna mashine inatafuna mahindi.

Hapo ndipo rafiki yangu mwingine, Jose, akanipigia. Jose ana studio Kawangware, stage ya 46, nyuma ya saloon, chumba kimetulia na computer ya maana. Akaniambia, "Odush, kuja tufanye na wewe. Kwanza kuna mathe hapa anakutafuta."

Huyo mathe ni Mama Truphosa. Ana kikundi chake cha kina mama, wengi wametoka pande za Western, na alikuwa amesikia ule wimbo wa Laini Saba. Alimwambia Jose wazi kwamba anataka wake uwe na ile feeling. Tune ni yake, maneno ni yake, lakini feeling iwe ile. Ikikosekana atatafuta mtu mwingine, hakuna vita.

Jose naye akaniambia: Mama akikubali wimbo, kiti cha producer hapo kwake ni changu. Akikataa, tutabaki mabeshte.

Nikaona ni haki.

Shida ni kwamba kwa Jose wanatumia software ile ingine. Nikauliza kama naweza kuweka yangu.

"Brathe, hapa project moja inafunguliwa na watu watatu," akasema. "Siku haupo, yako nitaifungua na nini? Kisu?"

Hapo alikuwa na ukweli.

Wakuu, siku za kwanza zilikuwa sarakasi.

Kwa ya zamani, ukikosea note unabonyeza mouse upande wa kulia, note inapotea. Mkono wangu umezoea hivyo, hata usingizini. Kwa mpya, ukibonyeza kulia inafunguka menu ndefu, na note yenyewe bado iko pale inakuangalia. Jose akipita nyuma yangu anauliza, "Bado hujaamua utakula nini?"

Vijumba vyangu sikuviona. Kulikuwa na barabara tu, ndefu, tupu, kutoka kushoto mpaka kulia. Jose akanieleza kwamba hapa huanzi na kujenga. Unarekodi mtu kwanza, halafu unamjengea pale alipo. Mimi nilikuwa nimezoea kujenga nyumba halafu nalazimisha mtu aingie.

Kitu pekee nilichotambua ni space bar. Kwa zote mbili inacheza na kusimamisha. Nilikuwa nikiibonyeza hata bila sababu, ili nione sura ninayoijua.

Polepole mkono ukaanza kuelewa. Nikatengeneza beat ya Mama Truphosa. Ngoma zilezile za Laini Saba, nilizihamisha zote. Makofi nikapiga mwenyewe kwa mic, kama kawaida yangu.

Nikabonyeza play.

Ikatoka kama chai imeongezwa maji mgeni alipoingia. Imepoa, inajivuta, sauti iko mbali. Nikacheza ule wimbo wa zamani kwa simu, kwa simu tu, na ukaipiga hiyo beat mpya mpaka chini.

Jioni hiyo nilijiandikia hivi: "Labda ilikuwa bahati."

Kesho yake nikamwambia Jose. Akasikiliza zote mbili, akauliza, "Huu wa zamani uko tempo gani?"

"Sijui."

"Kivipi hujui?"

Nikamwambia ukweli. Tempo sijawahi kuigusa. Hata sikujua ni kitu cha kuguswa. Nilikuwa nafungua project, naanza kujaza vijumba.

Jose akavuta kiti. Kisha akaniomba nyimbo zangu zingine. Akacheza moja, akacheza ya pili, akacheza ya tatu, huku anagonga meza na kidole.

Kidole hakikubadilika hata kidogo.

Wakuu, nyimbo zangu ZOTE ziko spidi moja. Za harusi, za matanga, hata ile ya kutangaza biashara ya samaki wa omena ya dada mmoja wa Kisumu Ndogo. Ni ile spidi ambayo software ya zamani hufunguka nayo. Mpya inafunguka na spidi ya chini kidogo, ndiyo maana beat ilikuwa inajivuta.

Jose alicheka mpaka dada wa saloon akaja kuuliza nani ameanguka.

Haikuishia hapo. Akafungua laptop yangu, akaangalia ile channel kubwa ya mwisho, mahali sauti zote hupitia kabla zitoke. Kulikuwa na limiter imekaa. Limiter ni kitu cha kubana sauti isipasuke, na ukiibana hivyo kila kitu kinasikika kikubwa.

"Hii nani aliweka?"

"Niliikuta."

"Kila project?"

"Kila project."

Jose akafuta machozi. "Kwa hivyo sound ya Odush ni settings za kiwandani."

Mimi pia nilicheka. Ilikuwa inachekesha, siwezi kukataa. Lakini nikirudi Kibera kwa miguu kile kicheko kiliisha njiani.

Basi. Nikapandisha tempo, nikaweka limiter, beat ikasimama. Mama Truphosa akaja na wenzake, wakarekodi vizuri sana. Yeye mwenyewe akiimba anafumba macho na mkoba uko kwapani, hauweki chini.

Nikawachezea. Nikawa naangalia uso wake.

"Imekaribia, kijana yangu," akasema. "Lakini ile ya Laini Saba ilikuwa na watu ndani. Hii haina mtu. Imenyooka kama askari wa gwaride."

Akasema atarudi Jumamosi. Kama itakuwa bado hivyo, basi.

Hakuwa mkali. Alikuwa anasema alichosikia, na hata mimi nilikuwa nasikia hivyohivyo. Sikujua tu ni wapi.

Hapa lazima niipe software mpya haki yake. Niliuingiza ule wimbo wa zamani ndani yake, nikaupanga chini ya huu mpya, nikavuta karibu mpaka nikaona mawimbi ya sauti na mistari ya mapigo. Ngoma zote ziko kwa mstari. Makofi hayako. Kila kofi limefika nyuma kidogo ya mstari, kila moja na kuchelewa kwake, kama mtu amekuja ibada wimbo umeshaanza.

Nikamwita Jose. Akaangalia, akatikisa kichwa.

Chanzo kilikuwa ile laptop yangu ya mtumba. Ilikuwa imechoka, sauti ikiingia kwa mic inachelewa kufika. Computer ya Jose haicheleweshi, na software mpya inajirekebisha yenyewe. Ndiyo maana makofi yangu ya sasa yalinyooka.

Wakuu, hapo niliisha. Spidi ni ya software. Ukubwa wa sauti ni wa software. Hata makofi, kumbe ulikuwa ugonjwa wa laptop.

Nikamuuliza Jose, "Sasa mimi hapo nilikuwa nani? Caretaker?"

Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Wakati unarekodi yale makofi, ulisikia yamechelewa?"

"Nilisikia."

"Na hiyo software yako haina kitu cha kuyavuta yakae kwa mstari?"

Iko, na ni rahisi. Ngoma nilikuwa nazinyoosha nayo kila siku.

"Sasa mbona makofi ukayaacha?"

Nilifikiria. Nikamwambia yalikaa vizuri hivyo. Yalikuwa kama mathe kanisani amebeba mtoto mkono mmoja, lazima amsogeze kwanza ndiyo apige kofi. Nilijaribu kuyanyoosha mara moja, nikaona nimemnyang'anya mtoto. Nikayarudisha.

Jose akasema, "Laptop ilichelewesha. Kuacha uliacha wewe." Akarudi kwa kazi yake, halafu akaongeza bila kugeuka, "Sasa yacheleweshe mwenyewe. Hii computer ni nzima, haitakusaidia."

Kwanza nilijaribu kwa akili ya uvivu: nikayashika makofi yote, nikayasukuma nyuma kipimo kimoja. Haikukubali. Gwaride lilelile, sasa limechelewa pamoja.

Nikafunika screen na jaketi ili niamue kwa masikio, nikitaka kusukuma kofi nainua kona tu.

Nikawa nasikiliza, nasukuma kofi moja, nasikiliza tena. Kwa chorus, mahali kina mama wanapandisha, nikayaacha yasogee karibu na mstari, kwa sababu watu wakifurahi hawachelewi. Kwa verse nikayalegeza. Ilichukua muda na shingo iliuma, lakini kwa mara ya kwanza nilijua ninachofanya.

Jumamosi Mama Truphosa akaja peke yake. Hakukaa. Nikabonyeza space bar.

Alisimama tu na mkoba wake. Nikasema moyoni, basi, nitarudi kwa posho mill.

Verse ikaanza, akausogeza kwanza mkoba kwapani, ndiyo akapiga kofi.

Wakuu, kofi lake liliangukia palepale nilipoweka langu. La pili pia. Alikuwa anapiga na wimbo bila kujua anapiga.

Ulipoisha akamwangalia Jose, akaniangalia mimi.

"Ehe," akasema. "Sasa wamefika."

Kiti ni changu mpaka leo.

Somo langu, kama ni somo: kabla hujahama software, fungua project tupu ya ile unayotumia na uangalie ni nini kiko ndani hata kabla hujagusa kitu. Utajua ulichopewa. Usione aibu, mimi nilipewa vingi na nashukuru. Halafu tafuta kile ungeweza kubadilisha na hukubadilisha. Hicho huenda ndicho chako. Sina uhakika, lakini mpaka sasa kimenisaidia.

Nyinyi mliohama, mligundua nini? Andikeni hapo chini, hata za aibu. Zangu mmeshasoma. Na kama kuna mtu anajua kuifanya right-click ifute bila kuniletea menu, mkono wangu bado unasumbua.

Siku hizi kila nikifungua project naanza na tempo. Naipandisha, naishusha, nasikiliza. Mara nyingi naishia kuirudisha palepale ilipokuwa.

Lakini sasa nimeirudisha mimi.