Babu Alipomjibu Mwimbaji wa Filamu

Enzi zetu wimbo wa filamu haukurukwa. Nalisema hili mapema ili vijana wenye vidole vyepesi wajue nagombana na nani. Siku hizi filamu ikianza tu, kijana keshabonyeza kitufe cha kuruka. Wapendanao wakianza kuimbiana, anaruka. Mama wa watu amepiga magoti kwenye kaburi la mwanawe, wimbo unapanda taratibu, naye anaruka. Ukimuuliza anawahi wapi, keshahamia filamu nyingine. Sisi tuliokulia Lodwar na Kakuma tulikwenda kwenye kibanda cha video kwa ajili ya wimbo. Ngumi na bunduki zilikuwa nyongeza.

Likizo za shule nilizimalizia Lodwar kwa shangazi yangu, ambaye televisheni yake ilikuwa na kisogo kikubwa na ilivishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Antena ilikuwa juu ya mti mrefu nje, na lazima mmoja wetu awe pale akiizungusha huku wengine wakipiga kelele, "Hapo! Hapana, rudisha kidogo!" Jioni kulikuwa na mchezo wa mapenzi kutoka ng'ambo, wa msichana maskini na kijana tajiri, na ulianza kwa wimbo wa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Wimbo ule ukilia, mtaa mzima ulitulia, wakabaki mbuzi tu na shughuli zao. Kila nyumba ilikuwa na maneno yake. Sisi kwa shangazi tulikuwa tunaimba kitu kuhusu maharage, na tuliimba kwa machozi.

Basi mwalimu wa kwaya wa kanisa letu, ambaye bila shaka naye alikuwa mtazamaji wa siri, akauiba ule wimbo akautia maneno ya sadaka. Jumapili hiyo kwaya ilipoanza, wanawake wakageukiana. Wimbo ulikuwa ule ule uliopigwa msichana yule alipofukuzwa nyumbani kwenye mvua. Shangazi alitoa leso. Jirani yake akatoa leso. Mpaka sadaka inafika mbele, nusu ya kanisa ilikuwa inalia, na padri akaamini mahubiri yake ndiyo yaliyowagusa. Alihubiri kwa kujiamini mno mwezi mzima.

Lakini utoto wangu hasa ulikuwa Kakuma, ambako Mama alikuwa na kibanda cha chai na mandazi kando ya barabara ya kwenda Lokichoggio. Na hatua chache tu kutoka kwetu, upande wa kambi ya wakimbizi, ndipo palipokuwa na video ya Mama Achol. Huyu alikuwa mama Mdinka kutoka Sudan Kusini, mrefu hata akikaa, aliyekuja na vita na kuanza kwa kuuza kahawa ya tangawizi. Baadaye akapata televisheni, mashine ya kanda na jenereta iliyokohoa kama mzee wa tumbaku. Kuta zilikuwa za mabati na magunia, viti vilikuwa mbao za masanduku, na sisi watoto tulikaa mbele kabisa kwenye mchanga, shingo juu. Mchana wa Jumamosi ungeweza kuchemsha yai mle ndani. Hakuna aliyetoka. Waturkana, Wasomali, Wakongo, Wahabeshi, watu wa Juba, wote tulikuwa tukitokwa jasho moja, na kila mtu akimtafsiria jirani yake filamu ambayo hata yeye haielewi.

Mama alikuwa na neno lake kila nikiaga: "Enda tu. Siku macho yako itaanguka kwa hiyo mchanga, usikuje hapa kuniuliza nikutafutie." Nami nilikwenda mbio.

Kanda iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Kihindi. Mkulima kijana ana ng'ombe mmoja mweupe mwenye pembe ndefu, na katikati ya filamu anamwogesha mtoni, anamvika maua shingoni, kisha anamwekea mkono mgongoni na kuimba. Wimbo wenyewe ulikuwa umetangulia kufika Kakuma kabla ya filamu. Kinyozi Mkongo aliupiga kutwa nzima, wenye maduka ya Kisomali waliupiga, hata lori za kwenda mpakani Nadapal zilipita zikiupiga. Tuliujua kichwani bila kujua unasema nini. Siku ya kwanza tulipouona ndani ya filamu, tukaona kumbe unaimbiwa ng'ombe, ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Nadhani Waturkana na Wadinka ndio tuliopiga kelele zaidi.

Sasa nieleze habari ya Babu, baba yake Mama.

Babu alikuwa mfugaji wa upande wa Kalemng'orok, na alikuwa na maksai aliyeitwa Long'orok, wa mabaka meusi na meupe. Wanaume wenzake walimwita Babu kwa jina la ng'ombe huyo, Apalong'orok. Alimtunza tangu ndama, akazipinda pembe zake kidogo kidogo zikakua jinsi alivyotaka, akamfunga kengele, na akamtungia wimbo. Kwetu mwanamume alijulikana kwa wimbo wa maksai wake. Na wimbo ule ulikuwa na adabu yake: mwenzio akimwimba wake, hukai kimya. Unasimama, unainua mikono kama pembe za wako, unamjibu. Ukinyamaza ni sawa na mtu aliyekusalimu "ejok" ukampa kisogo.

Ukaja ukame mmoja mbaya. Ng'ombe wakaisha, na wa mwisho kwenda chini alikuwa Long'orok. Tangu siku hiyo Babu hakuimba. Mama alikwenda kumchukua, akarudi naye Kakuma juu ya lori, na mzee niliyemwona akishuka hakuwa yule aliyekuwa akinirusha hewani. Alikaa kwenye kigoda chake nyuma ya kibanda, macho kwenye njia, chai ikipoa mkononi. Ukimwekea chakula alikionja kwa ajili ya heshima tu, akakisukuma. Mbavu zikaanza kuhesabika.

Nilimsikia Mama akimwambia mteja mmoja, huku akigeuza mandazi ambayo hayakuhitaji kugeuzwa, "Mzee akiacha kuimba, hata chakula inaanza kumwacha. Mimi namwona anaenda hivi hivi nikiangalia." Nilikuwa na miaka tisa. Nilielewa vizuri kabisa anakokwenda, nikaogopa hata kumpita Babu bila kumgusa bega.

Jumamosi moja Mama akaniita. "Mchukue Babu yako mwende kwa Achol. Hata akilala huko, angalau atalala na watu." Yeye aliyekuwa akiilaani video kila siku!

Nikamshika mkono. Babu hakuwa ameona video maishani mwake. Akaingia na fimbo yake na kigoda chake, akakaa kando ya mlango, na kwa muda mrefu alitazama watu badala ya filamu, akishangaa wote hawa wanangojea nini. Mimi sikutazama chochote ila yeye. Kisha ikafika pale mtoni. Mkulima akamwogesha ng'ombe, akamvika maua, akaimba. Babu akaacha kutafuna tumbaku. Akasogeza shingo mbele. Ubeti wa kwanza ukaisha, mkulima akanyamaza kumpapasa ng'ombe wake, ikabaki filimbi peke yake.

Babu akasimama. Alikuwa amesikia mwanamume akimwimba maksai wake na sasa amenyamaza akingoja jibu, na hakuna hata mtu mmoja katika kundi lile zima aliyekuwa na adabu ya kumjibu. Akaiweka fimbo chini. Akainua mikono yote miwili, akaikunja kama pembe za Long'orok, na kwa sauti ambayo mwanzoni ilikwaruza kama mlango wa bati, akaimba.

*Long'orok, wingu na usiku juu ya ngozi moja,*
*kengele yako ndiyo iliyoniamsha, si jogoo,*
*nani atasema sikuwa na kitu?*

"Mzee, keti! Hatuoni!" vijana wakapiga kelele nyuma. Wengine wakacheka. Mtu akapiga mluzi. Nilitamani mchanga unimeze.

Mama Achol akatoka kwenye kahawa yake akiwa na birika mkononi, akasimama katikati ya benchi na benchi. "Uskut! Nyamaza nyinyi wote! Huyu mzee hapana pigia nyinyi kelele. Yeye naimba ng'ombe yake. Kwetu iko hivi hivi." Akaisimamisha kanda. Picha ikaganda ikitetemeka, mkulima na ng'ombe wake mtoni, kama watu waliotulia kusikiliza. Babu akamaliza wimbo wake wote. Alipokaa, Wadinka wawili waliokuwa nyuma wakasimama na kuimba wa kwao, kwa zamu. Kisha Mama Achol akarudisha kanda nyuma, wimbo ukaanza upya, na safari hii filimbi ilipofika, ukumbi mzima ukageuka kumtazama Babu.

Ningeishia hapo mambo yangekuwa mazuri. Tatizo ni kwamba filamu iliendelea. Baada ya wimbo akaingia nyumbani kwa mkulima mfanyabiashara mwenye sharubu, wakazungumza, na mkulima akamfungua ng'ombe akamkabidhi kamba. Babu akaruka. "Amemuuza?" akaniuliza kwa Kiturkana, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani. "Amemwimba vile halafu amemuuza? Mtu huyu ni wa ukoo gani?" Akachukua kigoda chake akatoka. Njia nzima alikuwa akimkemea yule Mhindi. Alikuwa na hasira bado tulipofika nyumbani, na kwa sababu ya hasira akala sahani nzima ya githeri bila kutambua. Mama aliniangalia juu ya kichwa cha mzee. Akamwongeza.

Jumamosi iliyofuata Babu aliamka wa kwanza. Alitaka twende tukamzuie yule mjinga kabla hajakosea tena. Nilijaribu kumweleza kwamba kanda ni ile ile, haisikii la mtu, akanitazama kwa huruma, kama mtoto asiyeelewa mambo ya wanaume. Nikatangulia mbio kwa Mama Achol nikamweleza. Alifikiri kidogo, akaniambia niende nikae.

Wimbo ukaja. Babu akajibu, Wadinka wakajibu, hata kinyozi Mkongo alisimama akaimba kitu kuhusu pikipiki yake. Mara tu mwenye sharubu alipotokeza mlangoni, Mama Achol akazima mashine. "Khalas! Filamu kwisha!"

"Ah! Mama, bado!" vijana wakalalamika.

"Nani nataka kuona ng'ombe ikiuzwa, enda mnadani."

Basi ikawa hivyo kila Jumamosi. Filamu ile Kakuma iliishia kwenye wimbo. Babu alitoka kifua mbele, akiamini kwamba ni wimbo wake uliomtia yule kijana akili, na nani angembishia? Alinona. Alianza kuwatania wateja wa Mama, akaanza kunikaripia tena, nami nilifurahia kukaripiwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi sijaona mahali pengine ambapo maneno hayo yalitimia wazi kama kwa mama yule aliyekimbia vita kwao akaja kumponya babu yangu kwa kitufe cha kuzimia.

Mvua iliponyesha, Babu akarudi Kalemng'orok kuanza upya na ndama mmoja. Baadaye Mama Achol naye akarudi kwao kupitia Nadapal, televisheni imefungwa ndani ya godoro. Kabla ya kuondoka alituachia ile kanda, tumpelekee mzee. Babu hakuwa na mashine wala umeme. Aliitia ndani ya mfuko wa ngozi ya mbuzi pamoja na tumbaku, na kila mgeni alionyeshwa. "Humu ndimo alimo yule kijana na ng'ombe wake," alikuwa akisema. "Bado hajamuuza." Tulipomzika, miaka mingi baadaye, akiwa mzee wa kushiba siku zake, nilimkumbuka Mama Achol nikalia kwa ajili ya wote wawili.

Leo naishi Lodwar. Mwanangu Ewoi ana miaka kumi na mitatu na simu inayobeba filamu nyingi kuliko kambi nzima ya enzi zile, na sijamwona akimaliza hata moja. Hadithi ya Babu nimemsimulia mpaka amechoka. Wiki iliyopita akaniita, "Mathe, kuja uone. Nimeipata ile movie yenu ya ng'ombe." Nikakaa karibu naye. Ni kweli ilikuwa yenyewe, ila mto ulionekana mdogo na yule mkulima ni kijana mdogo kabisa, angeweza kuwa mwanangu. Wimbo ulipoanza nikaona kidole cha Ewoi kinakwenda pale pale kinapokwenda siku zote. Nikakipiga kofi.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Filimbi ikabaki peke yake, na hakuna aliyejibu. Sikuwahi kuusikia wimbo ule ukiwa mtupu namna ile. Najua si desturi mwanamke kumwimba maksai, na wazee wanisamehe, lakini nilisimama katikati ya sebule yangu, nikainua mikono, nikamwimba Long'orok kutoka mwanzo hadi mwisho. Sauti ilikwaruza. Ewoi alinitazama mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza hakuninasa video ili awaonyeshe wenzake.

Nilipokaa nikifuta macho, mlango ulifunguka kwenye simu na sharubu zikaingia. Kabla sijasema lolote, kidole cha Ewoi kiligusa kioo, kikarudisha filamu nyuma mpaka mtoni.

"Zii, hatufiki huko," akasema. "Imba tena ile ya guka yenu, ile ya Long'orok, nishike maneno."