Miti Iliyozikwa Chini ya Chemchemi

Chemchemi ya mama iko chini ya shamba letu, upande wa Nyansiongo, pale majani chai yanapoishia na matope ya bonde kuanzia. Ilipoanza kukauka kila kiangazi, mama aliilaumu mikaratusi ambayo kaka yangu mkubwa alikuwa ameipanda kuzunguka bonde ili akiuzie kiwanda cha chai kuni.

"Miti yako inakunywa kuliko walevi wa sokoni," alimwambia.

"Bonde hili halikuwa na mti hata mmoja," kaka alijibu. "Tangu enzi za mzungu, ni malisho tu. Mimi ndiye niliyelivisha nguo."

Ubishi huo ulikuwa bado moto alipokuja mtafiti wa chuo kikuu, mwanamke wa upande wa ziwa, kuomba ruhusa ya kuchimba matope yetu.

"Kumbe wewe ni daktari wa matope?" mama alimuuliza. "Yanaumwa wapi?"

"Nikishayapima nitakuambia, mama."

Alizamisha bomba la chuma, akalivuta, akalaza juu ya turubai mche mrefu wa matope meusi, kama mche wa sabuni. Alitueleza kwamba vumbi la maua huanguka majini kila mwaka, likazikwa bila kuoza. Lililo chini kabisa lilianguka kabla ukoo wetu haujafika huku.

Miezi kadhaa baadaye alirudi na picha ya matope yale, tabaka kwa tabaka, ikionyesha kila vumbi lilitoka kwa mmea gani. Mikaratusi ilionekana juu kabisa tu. Chini yake kulikuwa na nyasi.

"Si nilisema?" kaka alidakia. "Malisho!"

"Ndiyo, lakini tabaka la nyasi ni unene wa kidole tu," alisema mtafiti. "Kuanzia hapa hadi chini ni mikindu na mizambarau ya mwitu. Huu mstari mkavu ni ukame mkali. Juu yake, miti ileile imerudi."

Mama alimcheka kaka. "Baba, malisho yako ni kidole!"

Kaka hakucheka, ila alikata safu moja ya mikaratusi, ile iliyo karibu na maji. Mama aliijua mizambarau hiyo. Alikula matunda yake utotoni kando ya mto, na huko ndiko tulikotoa miche, tukaipanda palipokuwa na safu ile.

Kiangazi cha kwanza chemchemi ilikauka vilevile. Kaka alituuliza kama matope yamesahau.

Kiangazi kilichofuata mama alinipigia simu. "Maji ni membamba, lakini hayajakatika."

Nilipofika, nilimkuta kaka bondeni na shoka, akiangusha safu ya pili. Hakuna aliyemtuma.