Mawimbi ya Vidole Vitatu

Juzi niliondoka Kawangware asubuhi bila mpango, begi mgongoni, kama ilivyo desturi yangu. Nikavuka barabara ya Ngong, nikaingia Kibera, na hapo, rafiki yangu, miguu ikagoma.

Palikuwa na jengo jipya, ukumbi na vyumba vichache vya wageni. Kuta za udongo mwekundu, paa pana la kuzikinga na mvua, na mparachichi wa zamani umeachiwa nafasi katikati, matawi yametokeza juu. Lakini kilichonitia bumbuazi ni ukuta wenyewe. Mawimbi ya vidole vitatu, na mwisho wa kila wimbi alama ya dole gumba. Mkono wa nyanya yangu! Na mimi ndiye niliyeuzika.

Nilikulia mtaa wa Kongo, kule Kawangware. Kila Desemba nyanya alikandika nyumba upya kwa ajili ya Krismasi, kama walivyofanya kwao magharibi mwa Kenya. Mimi nilibeba samadi ya ng'ombe wa mwenye ploti, nikaiponda kwa miguu pamoja na udongo na majivu, harufu yake ikichanganyika na ya viazi vitamu jikoni. Jirani wa mlango wa pili alikuja kujifunza. "Nyumba hupumua," nyanya alisema. "Usiizibe pua."

Nikaiziba. Nilikuwa nimeacha shule, nafanya mjengo, vibarua vya ujenzi, na wenzangu wakinitania, "Kwenu ni kwa mchwa!" Jumapili moja, nyanya akiwa kanisani, nikapiga simiti juu ya mawimbi yake. Aliporudi alipitisha kiganja juu ya simiti, akaingia ndani. Mvua za Aprili zikapenya nyuma ya simiti, ikaanguka na ukuta mzima. Nyanya akarudi magharibi, hakukandika tena hadi kufa kwake. Ndipo nilipoanza kutangatanga.

"We! Usiguse, bado mbichi!"

Mwanamke mwenye udongo hadi viwikoni alinikazia macho. Jirani wa mlango wa pili!

"Ala! Si wewe yule wa simiti?" Akacheka hadi akashika kiuno. "Waliochora jengo hili waliuliza nani anajua kukandika. Nikawaambia najua, nilifunzwa na shosho yenu."

Kongo siku hizi ni ghorofa za mawe. Ukuta kama wa nyanya sijauona tena huko. Nikauliza kama nitapata pa kulala.

"Chumba kipo. Ila ukuta mmoja haujakandikwa." Akaonyesha rundo la udongo chini ya mparachichi. "Vua viatu."

Nikavua.