Upande wa Kwanza wa Kaseti ya Baba

Jumatano ndugu yangu alinipigia simu kutoka Kamembe, na furaha yake ndiyo iliyonitia hofu. "Yaya," akasema, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa, "nimepata radio ya kaseti kwenye soko, na inatumika muzuri! Vendredi, nyuma ya sala, tutamusikiya Papa. Batoto bangu banangojea sauti ya babu yabo." Nikamjibu alhamdulillahi, Ijumaa nitakuja. Kisha nikakaa kitandani na viatu mkononi.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, kilimani juu ya ziwa, na jioni mtaa mzima ulinuka sambaza, vile visamaki vya ziwani, wanaokaangwa. Wimbo ukipigwa asubuhi katika redio ya Bukavu, ng'ambo ya mpaka, jioni Kamembe nzima tunauimba. Sisi hatukuwa na redio. Jirani yetu fundi cherehani alikuwa nayo, nami nilikuwa nikikaa kwake kuokota vipande vya vitambaa na kusikiliza magitaa hadi Mama aniite mara ya tatu.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alivuka mpaka kwenda kutafuta kazi ndani ya Kongo ndugu yangu akiwa bado ananyonya. Siku zile asiyependa kuandika barua aliisema kwenye kaseti, na yake ililetwa na mama mmoja mbeba mizigo wa mpakani, imefungwa kwa plastiki. Tuliisikiliza mara moja tu, kwa jirani, Mama ameishika ile redio kwa mikono miwili. Baba alikuwa amevunja vile vijino viwili vya plastiki vya juu, vikabaki vitundu, ili mtu asirekodi juu ya maneno yake. Mama akaificha sandukuni chini ya vitenge, akisema tutaisikiliza tena siku tutakayonunua redio yetu. Kaseti ya pili haikuja. Baba naye hakurudi, na hadi leo hatujui alilala wapi.

Nilikuwa na miaka kumi, na muziki ulikuwa umenipanda kichwani. Nilijua upande wa pili wa kaseti ni mtupu. Siku moja Mama yuko sokoni nikaichukua, nikatafuna karatasi, nikaziba vile vitundu vyote viwili ili irekodi tena, na kukimbia kwa jirani. Kwa haraka yangu niliichomeka kinyume. Nilirekodi nyimbo upande mzima, nikizicheza huku nikipiga makofi. Nilipouweka upande wa pili ili nijisikilize, ulikuwa kimya kabisa; nyimbo zilikuwa zimekaa juu ya sauti ya Baba. Nikaitoa ile karatasi kwa sindano, nikairudisha kaseti chini ya vitenge; Mama akitoka, niliichukua tena kuzisikiliza zile nyimbo.

Mama alifariki bila kuisikia tena. Ndugu yangu alikua akiniuliza kila jioni, "Yaya, Papa alisemaka nini?" Nami nilimwambia. Mwanzo yalikuwa maneno machache niliyoyashika kweli. Alipoanza kupiga kelele nikaongeza kwamba Baba alimtaka awe mpole. Alipopata kazi Kigali, Mama akiwa bado hai lakini mgonjwa, nikaogopa kubaki naye peke yangu, nikasema Baba alimwagiza mwanawe wa kiume asiiache nyumba. Akaikataa ile kazi. Yuko pale pale hadi leo, anauza misumari, na kila mgeni humwambia kwamba anashika wosia wa baba yake. Mimi nikaolewa Bugarama, nikawa yule mama anayeitwa kwenye harusi kwa kuwa anazijua zilipendwa zote. Watu wananipenda kwa zile nyimbo, na sijawahi kumwambia mtu nilikojifunzia.

Ijumaa ningeweza kusema ukweli nikiwa mlangoni. Nilikula pilau. Watoto walikuwa wameoga, wamekaa mkekani. Ndugu yangu akasoma bismillahi, akabonyeza.

Gitaa likaingia. Watoto wakacheka, mdogo akaanza kucheza. "Ngoja," ndugu yangu akasema, "Papa alipenda muziki. Atasema sasa hivi." Wimbo wa pili ukapita. Wa tatu ulipoanza, hakuwa tena anaitazama redio. Alikuwa ananitazama mdomo. Nilikuwa naimba, neno kwa neno, hata pale mtangazaji alipoingilia kusalimia wasikilizaji nilisalimia pamoja naye.

Akazima. Akawatoa watoto nje.

"Yaya, ile maneno yote ulikuwa unaniambia, ni Papa alisema, ao ni weye?"

Nikamwambia mengine ni ya Baba, wallahi.

"Ni gani?"

Nilifumba macho niitafute sauti ya baba yetu, nimpe ndugu yangu japo neno moja lililo lake. Nilimwona Mama ameishika redio, nikamwona jirani ameinamisha kichwa, midomo ya watu wote imefungwa. Kisha gitaa likaingia.