Jiwe la Kabula

Jumamosi iliyopita uji uliungua hapa shuleni. Harufu ya unga ulioshika chini ya sufuria ilipanda hadi bwenini, ikaingia mpaka ndani ya chandarua changu, na wenzangu wakaanza kumlalamikia mpishi. Mimi nilinyamaza, kama kawaida yangu. Nilijifunika shuka nikainusa vizuri, maana kwangu ile siyo harufu ya bweni. Ni ya Igogo, mtaani kwetu Mwanza, ya ule mwaka wa barakoa, na ndani yake kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nawaandikia ninyi kwa sababu kuandika siyo kama kusema. Hakuna anayenitazama usoni.

Nilikuwa darasa la tano. Shule zilifungwa ghafla, tukarudi nyumbani na madaftari yetu tukiimba kana kwamba tumepewa sikukuu. Raha hiyo ilidumu mpaka unga wa nyumbani ulipoisha. Mama yangu alikuwa anakata samaki kwenye kiwanda cha minofu. Ndege za kubeba minofu zilipoacha kuja, wakaambiwa wakae nyumbani hadi watakapoitwa. Hata mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, ambayo mimi nilikuwa naikataa kwa maringo, yakawa hayapatikani.

Mpishi wa uji shuleni kwetu alikuwa Mama Doto, mama mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko bonde la pili. Shule ilifungwa, yeye hakufunga. Alimwomba mwalimu mkuu lile sufuria kubwa, akalipandisha mlimani kichwani, likamfunika hadi machoni, na watoto tukamwelekeza njia huku tukicheka. Unga aliuomba kwa watu wa mashine za kusaga. Wazazi walileta kuni. Kila asubuhi tulifuata harufu, na mara nyingi ilikuwa ya kuungua, kwa sababu Mama Doto alipenda kuzungumza kuliko kukoroga.

Mnaoijua Igogo mnayajua mawe yetu, yaliyojaa kati ya nyumba. Mama Doto alimgawia kila mtoto jiwe lake. Langu lilikuwa bapa, lina ufa katikati, na asubuhi lilikuwa bado na baridi ya usiku. Unakuja na kikombe chako, unapimiwa, unakwenda kunywa juu ya jiwe lako, na hakuna kusogeleana. Alikataza kabisa mtoto kumchukulia mwenzake uji. Sisi tulidhani ni mambo ya ugonjwa tu. Wavulana walimwita Mkuu wa Majabali. Siku alipowasikia, aliwajibu kwamba mkuu ana mwiko mrefu, na unafika jiwe lolote.

Jiwe la pili kutoka langu lilikuwa la Kabula. Alikuwa darasa la saba, ana miaka kumi na mitatu, akiishi kwa shangazi yake baada ya mama yake kufariki. Ndiye mtu pekee aliyeweza kukaa nami asubuhi nzima bila kuniuliza mbona huongei.

Asubuhi moja nilimpitia kama kawaida, nikamkuta shangazi yake mlangoni ameshika kikombe cha Kabula. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba Kabula anaondoka mchana na boti, anakwenda kisiwani kuwapikia wavuvi kambini mpaka shule zifunguliwe. Kisha akanipa kikombe.

"Ukiulizwa, sema anakohoa. Hakuna atakayekuja. Na uji wake kunywa wewe."

Nyuma yake niliona uso wa Kabula. Sitaki kuwadanganya hapa: nilijua. Mtaani kwetu kulikuwa na dada aliyewahi kwenda kupika kambi hizo. Alirudi na mtoto mgongoni, na sare ya shule hakuivaa tena. Nilijua, nikapokea kikombe, kwa sababu jana yake tulikuwa tumelala na chai kavu.

Mama Doto aliponiona na vikombe viwili, mwiko ulisimama hewani. Akauliza Kabula yuko wapi. Nikasema anakohoa. Wenzangu wote juu ya mawe yao wakageuka kunitazama, na mmoja akaziba pua. Mama Doto akajaza vikombe vyote viwili na kuniambia nimpelekee cha kwake kingali cha moto.

Nilikwenda nyuma ya jabali nikavinywa vyote. Cha Kabula nilianza nacho.

Bado nalamba midomo nilimsikia Mama Doto akiongea na Doto, mwanawe. Alimwambia wamalizie kugawa uji, yeye na Kulwa pacha wake, na usiku walale kwa mama yao mdogo. Yeye mama mtu atalala jikoni, wasimsogelee mpaka atakapowaambia. Nilidhani kakasirishwa na kitu. Akachuma mchaichai uani, akachukua malimao mawili na sufuria dogo la kufukizia, akajifunga kitenge puani na mdomoni, akaanza kupanda kwenda kwa kina Kabula.

Jirani mmoja alimwita mama kwa Kisukuma kutoka dirishani. "Mayu, usipande huko. Una kisukari wewe."

"Akohoe peke yake?" alijibu Mama Doto, bila kusimama.

Nilimfuata kwa mbali na vikombe vyangu vitupu. Alipofika alipiga hodi, akaingia, nami nikachungulia mlangoni. Alimkuta Kabula amekaa juu ya begi, amesukwa vizuri, mzima kabisa. Mama Doto alimtazama. Akatazama begi. Akaweka malimao yake chini.

"Kohoa nisikie."

Kabula alijaribu. Kilitoka kitu kama mbuzi anayepiga chafya, na hata shangazi yake akashindwa kujizuia kucheka. Kicheko hicho ndicho kilichogeuka kilio. Shangazi alikaa sakafuni akalia, akasema mumewe havui tena kwa sababu sangara hanunuliwi, watoto wake ni wanne, wa tano atamlisha nini. Nilisubiri Mama Doto apaze ile sauti yake ya ng'ombe. Hakuipaza. Alikaa naye kwanza, kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo.

"Kitanda chake kibaki hapa. Sahani yake iwe kwangu. Kisiwani haendi."

Akamtuma mtu kwa balozi wa mtaa, na balozi alipofika wakashuka wote wawili ziwani kuongea na mama wa boti aliyekuja kumchukua Kabula. Boti iliondoka bila Kabula.

Aliporudi alinikuta nimejibanza ukutani, uji umenikauka juu ya mdomo. Aliviangalia vile vikombe viwili. Nilijua kwisha habari yangu.

"Siku nyingine ukiwa na njaa, niambie njaa," alisema. "Usiniambie kikohozi."

Kesho yake Kabula alikuwa juu ya jiwe lake, na kikombe changu kilijazwa hadi ukingoni.

Kabula alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka uleule, akamaliza kidato cha nne bila maksi za kujivunia, na sasa anajifunza ushonaji Buzuruga. Hunitumia ujumbe wa sauti likizoni akiitukana cherehani. Tukikutana tunaigiza kile kikohozi chake tunacheka mpaka tunakaa chini.

Kuhusu mawe, nilielewa nikiwa kidato cha kwanza, mwalimu alipokuwa anaita majina. Mama Doto alikuwa anatuhesabu. Ukikosekana, jiwe lako linaonekana tupu kutoka kwenye sufuria.

Lakini lile la kulala jikoni nimelielewa Jumamosi hiyo ya uji kuungua, chini ya shuka, harufu ikiwa puani. Kwa miaka yote nilikuwa nasimulia moyoni kwamba Mama Doto alikwenda kumwokoa Kabula na boti. Wakati anapanda, hakujua habari ya boti. Alijua kile nilichomwambia mimi. Aliwaaga wanawe, akafunga kitenge, akaenda kwenye kikohozi.